Rochester Rhinos: timu iliyowafunga wakubwa wanne, ikafa bila hata kushuka daraja

Naandika hii kwa sababu kila nikiitaja Rochester Rhinos kwenye makundi yetu ya mpira watu wananiuliza ndo timu gani hiyo, na wale waliofika huku Rochester, New York, baada ya 2018 ndo kabisa, wanapita Oak Street wanaona uwanja mzima wa mpira umesimama pale, majukwaa, taa na kila kitu, wanadhani ni wa shule. Si wa shule. Ule uwanja ulijengwa na timu, na kwa mawazo yangu mimi ule uwanja ndo ulioiua timu, ila hapo tutafika.

Mi nilikuja 2015 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, wazazi wangu ni watu wa Fizi, Kongo. Familia nyingi zetu tulipangiwa nyumba upande ule wa Lyell na Edgerton kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, kwa hiyo uwanja ulikuwa karibu kiasi kwamba dirisha likiwa wazi jioni unasikia ngoma za mashabiki. Sasa mtu ametoka kambini, Kiingereza hakipo, gari hana, akisikia kelele za mpira atakaa ndani? Tulienda kwa miguu na vijana wenzangu, tukanunua tiketi za bei ya chini nyuma ya goli, na kitu cha kwanza kilichonishangaza sio mpira, ni watu kuacha mechi inaendelea wakaenda kupanga foleni ya soseji. Nyeupe! Soseji ya hapa ni nyeupe, wanaiita white hot, ukiiona mara ya kwanza unadhani haijaiva.

Jambo la pili, jezi. Kijani na njano. Kuna jamaa yetu mmoja ni Simba wa kufa, alikulia Kigoma mjini, akagoma kabisa kuvaa, akasema hajavuka bahari kuja kuvaa Yanga. Alikuwa anakuja uwanjani na koti limefungwa mpaka shingoni hata mwezi wa saba kwenye joto ili tu asionekane yuko kundini na sisi.

Msimu ule wa 2015 ulikuwa wa ajabu na sisi hatukujua kama ni wa ajabu, tuliona kawaida tu, timu inashinda au inatoka sare. Kocha alikuwa Bob Lilley, mtu wa ulinzi, timu yake ukiwafunga goli moja umshukuru Mungu. Mechi 28 za ligi, wameshinda 17, sare 11, hawakufungwa hata moja. Halafu fainali mwezi wa tisa pale pale nyumbani na LA Galaxy II, tukawafunga 2-1 baada ya dakika za nyongeza. Ubingwa wa USL, ligi iliyo chini ya ligi kuu. Watu waliingia uwanjani wanakumbatiana hovyo, mzungu mmoja mkubwa kama mlango akanibeba juu, mi simjui yeye hanijui, ananipigia kelele sikioni maneno ambayo sikuelewa hata moja.

Nikarudi nyumbani nikapiga simu Nyarugusu nikawaambia tumechukua ubingwa, mwakani tunapanda ligi kuu, tutacheza na kina Kaká, si alikuwa Orlando wakati ule. Jamaa huko wakafurahi. Kumbe huku hakuna kupanda! Haya mambo nilielezwa kazini na mzee mmoja ambaye nitamtaja sana hapa. Tulikuwa tunapakia vyakula kiwandani, yeye alikuwa amefanya kazi Kodak, ile kampuni ya kamera na filamu, miaka mingi kabla ya kupunguzwa, kwao asili ni Waitaliano, sisi tukamwita Mzee Kodak na yeye akalipenda hilo jina. Akanieleza taratibu kama anamfundisha mtoto, kwamba ligi kuu yao MLS haiingiwi kwa kushinda, inaingiwa kwa kununua nafasi. Unachukua ubingwa daraja la chini mara kumi na mwakani uko palepale daraja la chini. Na wa mwisho wa MLS, hata afungwe mechi zote, mwakani yupo MLS. Nikamwambia basi hii si ligi, ni chama cha wenye nyumba. Alicheka mpaka akavua miwani.

Halafu akanipa historia, na hapa ndo nikaelewa kwamba ile 2015 niliyoiona mimi ilikuwa pumzi za mwisho mwisho za kitu ambacho kilikuwa kikubwa sana.

Timu ilianza 1996, mwaka uleule kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa, na jina lake kamili lilikuwa Rochester Raging Rhinos, yaani faru waliokasirika. Mji wenyewe haukuwa mgeni wa mpira, kulikuwa na timu ya zamani Rochester Lancers iliyokuwa bingwa wa ligi ya NASL 1970, na mwaka uliofuata 1971 walicheza mechi moja ya mtoano na Dallas Tornado iliyoenda dakika 176, sio typo, mia moja sabini na sita, mpaka Lancers wakapata goli la pili watu wakaruhusiwa kwenda kulala. Kwa hiyo faru walikuta mji una njaa. Walicheza Frontier Field, uwanja wa besiboli ulio jirani kabisa na ghorofa la makao makuu ya Kodak, na miaka ile ya mwishoni mwa tisini walikuwa wanaingiza wastani wa watu zaidi ya elfu kumi kwa mechi. Daraja la pili hiyo! Kuna timu za MLS miaka ile zilikuwa zinacheza kwenye viwanja vya futiboli ya Kimarekani vya watu elfu sitini huku viti vinapigwa upepo, na mji huu wa watu laki mbili hivi unajaza.

Mwaka wao wa kwanza tu, 1996, wakafika fainali ya US Open Cup, lile kombe linalochanganya madaraja yote, wakafungwa na D.C. United 3-0. Wakachukua ubingwa wa ligi yao 1998, wakaurudia 2000 na 2001. Lakini kitu chenyewe ni 1999.

1999 ilikuwa hivi. Kwanza wakakutana na Chicago Fire ambao ndo walikuwa mabingwa watetezi wa kombe na mabingwa wa MLS pia mwaka uliotangulia, yaani mwamba wenyewe. Wakawapiga 1-0. Robo fainali Dallas Burn, 2-1. Nusu fainali Columbus Crew, 3-2. Fainali mwezi wa tisa kule Columbus, Ohio, kwenye uwanja ambao ulikuwa ndo kwanza umefunguliwa mwaka ule, wakakutana na Colorado Rapids. Doug Miller akafunga kipindi cha pili, na mwishoni kabisa Yari Allnutt akaweka la pili. Timu nne za ligi kuu mfululizo, kombe nyumbani. Kocha alikuwa Pat Ercoli, mtu ambaye hata timu ilipobadilisha wenyewe mara ngapi jina lake halikukosekana kwenye mazungumzo ya mji. Tangu MLS ianze hakuna timu nyingine ya chini iliyolibeba lile kombe. Mpaka leo. Mzee Kodak alikuwa akifika hapa anaweka boksi chini, anaonyesha kwa mikono jinsi Miller alivyokuwa anajigeuza na beki mgongoni, na msimamizi anatuangalia kwa jicho baya.

Sasa mtu na akili zako utajiuliza, timu ya hivyo inakufaje?

Jibu fupi ni kwamba walitaka kuolewa. Walijua mpira peke yake hauwapandishi, kwa hiyo wakaamua wafanye kile ambacho MLS walikuwa wanakitaka wakati ule, uwanja wenu wenyewe wa mpira wa miguu, sio wa kuazima kwa besiboli. Wakapigania hela za jimbo, wakakopa, ujenzi ukachelewa na kuchelewa, bajeti ikapanda ikapita dola milioni 30, na uwanja ukafunguliwa mwezi wa sita 2006 ukiitwa PAETEC Park, jina la kampuni ya simu iliyolipia. Viti zaidi ya elfu kumi na tatu. Ni kama familia inayojenga nyumba ya vyumba sita kwa ajili ya mkwe ambaye hajatuma hata barua ya posa. Mkwe hakuja. MLS waliangalia ukubwa wa mji, waliangalia mifuko ya wenye timu, wakaenda Toronto, ng'ambo ya ziwa lilelile la Ontario, na Toronto wakaanza 2007 kwa kulipa ada ya dola milioni 10. Milioni 10! Leo ukisikia hiyo unacheka, San Diego wamelipa milioni 500. Ule mlango ulikuwa wazi kidogo ukafungwa, na kila mwaka komeo linaongezwa.

Mwanzoni mwa 2008 waliojenga wakashindwa deni, uwanja na timu vikachukuliwa na wadai, akaja mwekezaji mwingine kutoka Utica akanunua. Hakumaliza safari. 2013 ligi yenyewe ikabidi iishike timu mkononi, ikaiendesha miaka kadhaa ikitafuta mteja. Kwa hiyo ule ubingwa wa 2015 niliobebwa juu, timu ilikuwa haina hata mwenyewe, ilikuwa yatima inayolelewa na ligi. Sisi tunashangilia pale nyuma ya goli hakuna anayejua, au wanaojua hawasemi.

Kuna watu humu watasema shida ni wachezaji, au kocha, au mashabiki waliacha kuja. Mashabiki waliacha kuja kweli, sibishi. Mi mwenyewe 2016 na 2017 nilikuwa nahesabu kwa macho, watu elfu mbili hivi kwenye uwanja wa elfu kumi na tatu, na uwanja mkubwa ukiwa na watu wachache ni mbaya kuliko uwanja mdogo, sauti inapotea, hata goli likiingia unasikia mwangwi. Lakini angalia na mji. Kodak mwaka 1982 ilikuwa imeajiri watu zaidi ya 60,000 Rochester peke yake, na Januari 2012 ikaomba kulindwa na mahakama kwa kufilisika. Wale watu elfu kumi wa Frontier Field walikuwa watu wa mshahara wa Kodak, wa Xerox, mtu anatoka kazini Ijumaa anavuka barabara na watoto. Mshahara ukiondoka, cha kwanza kukatwa ni tiketi. Na pia ule mtaa wa Oak Street, wenyeji wa mjini pembeni walikuwa wanauogopa, wanasema ni hatari, gari litavunjwa kioo. Huo ndo mtaa tuliopangiwa sisi. Nilikuwa nasikia watu kazini wanasema hawaendi Rhinos tena kwa sababu ya eneo, wanasema hivyo mbele yangu mimi ninayelala hapo na watoto, wala hawaoni tatizo.

Na hapa nina dukuduku langu moja. Pembeni mwa ule uwanja kulikuwa na Wasomali, Warundi, Wakongo, Wanepali wa kutoka Bhutan, watu ambao mpira ni damu, na miaka yote ile niliyokwenda sikuona bango moja lililoandikwa lugha yetu hata moja, wala mtu kupita makanisani au misikitini kusema jamani Jumamosi kuna mechi, watoto bure. Walikuwa wanatafuta mashabiki wa kutoka mitaa ya nje kwenye magari makubwa, na sisi tulikuwa hapo dirishani. Sisemi tungeiokoa timu, hela zetu zenyewe si unazijua. Ila vile viti visingekuwa vitupu.

2016 wakapatikana wenye timu wapya, mume na mke, wakajitahidi. Novemba 2017 ikatangazwa kwamba bila kupata dola milioni 1.3 timu haichezi mwakani. Ilikuwa kama harambee. Mzee Kodak akanunua tiketi za msimu nne, yeye anaishi peke yake, nne za nini? Hela hazikutimia, timu ikaenda mapumziko, neno lao ni mapumziko, na Lilley akaondoka akaenda Pittsburgh na baadhi ya vijana wakatawanyika. Ikawa mara tunarudi mwaka huu, mara mwaka kesho, daraja la tatu, mara kimya.

Wakati huohuo kumbuka timu ya kina mama, Western New York Flash, iliyokuwa inatumia uwanja uleule. Hao nao walikuwa moto, 2011 walikuwa na Marta na Alex Morgan na wakachukua ubingwa wa ligi ya wanawake kwa penati palepale, na baadaye Abby Wambach, mtoto wa Rochester, akaja kuwachezea. 2016 wakachukua ubingwa wa NWSL, ligi ya wanawake iliyokuja baadaye. Unajua walifanyiwa nini? Miezi michache tu baada ya ubingwa wakauzwa, timu ikahamishwa North Carolina, jina jipya, jezi mpya, wachezaji walewale. Hapo ndo nilielewa vizuri kabisa kwamba huku timu sio ya mji. Timu ni karatasi, na karatasi inaingia kwenye begi.

Kwetu huko tunalalamika timu zinabadilishwa majina kama nguo, Singida Big Stars ikawa Singida Fountain Gate ikawa Fountain Gate tu, na watu wanacheka. Lakini kwetu angalau ukifungwa unashuka na ukishinda unapanda. Tukuyu Stars walipanda wakachukua ubingwa wa Bara 1986, baadaye wakashuka, na hakuna aliyewaomba ada ya kuingia wala aliyewaambia Tukuyu ni mji mdogo.

Basi, 2021 ikaja habari iliyotikisa simu zetu zote. Jamie Vardy! Yule yule wa Leicester, bingwa wa Uingereza 2016, amenunua hisa Rochester Rhinos. Nilitumiwa na watu wa Nyarugusu, Bujumbura, Omaha, kila mtu anauliza Vardy anakuja kucheza kwenu? Haji kucheza, ni mwekezaji. Nikampigia Mzee Kodak, alikuwa amestaafu tayari, akasema ataamini akiona nyasi zimekatwa.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule wakatangaza jina jipya, Rochester New York FC. Faru ameondolewa. Miaka ishirini na tano mji mzima unajua faru, watoto wana faru wa kuchezea, skafu zina faru, wewe unaleta jina kama la mizigo ya posta. Nilielewa hoja yao, walitaka kitu kipya kisichobeba madeni ya zamani, lakini mashabiki wa zamani ndo walikuwa mtaji pekee uliobaki.

Na ligi waliyoingia 2022 ni MLS Next Pro. Timu 21, ishirini ni timu za vijana na akiba za MLS, na moja tu ya kujitegemea, sisi. Fikiria hapo. Watu waliowafunga Chicago, Dallas, Columbus na Colorado wenyewe ndani ya kombe moja, sasa wako ligi moja na vijana wa akiba wa klabu hizohizo. Hata uwanja hawakuwa nao, walicheza kwenye chuo cha Monroe Community College, wakati Oak Street, kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili yao, kulikuwa na timu nyingine mpya inaitwa Flower City Union, ambayo nayo haikudumu. Nilikwenda chuoni pale na wanangu. Benchi za bati, watu wachache wanaojuana, mpira wenyewe mzuri tu, kocha Mreno Bruno Baltazar anataka pasi za chini. Mwanangu wa kwanza akaniuliza kwa nini hakuna faru.

Machi 2023 wakatangaza wamefunga. Msimu ulikuwa uko mlangoni. Hapo hakukuwa na harambee, hakukuwa na mapumziko.

Mzee Kodak bado yupo, tunaonana sokoni, Public Market, Jumamosi asubuhi, na kila tukikutana ni ubishi uleule. 2022 Sacramento Republic, timu ya daraja la pili, walifika fainali ya Open Cup wakacheza na Orlando City. Mimi nilikuwa nawaombea Sacramento. Yeye alikuwa Orlando kabisa, hana haya, anasema rekodi ya 1999 ndo kitu pekee tulichobaki nacho na hataki mtu aiguse akiwa hai. Orlando wakashinda 3-0 akanitumia picha ya kikombe cha kahawa na neno moja, bado. Halafu MLS wakaanza kulikimbia hilo kombe lenyewe, 2024 wakapeleka timu nane tu za kwanza na waliobaki wakatuma vijana au wakakaa nyumbani. Sasa mi namwambia, mzee, ikitokea timu ndogo imelichukua kombe ambalo wakubwa hawakuja, hiyo utaihesabu? Anasema hahesabu, lazima uwafunge wanne, tena wa kweli. Mi nasema kombe ni kombe, unamfunga aliyekuja. Tumeshindwana hapo, na yule jamaa wa Simba, ambaye siku hizi anakuja sokoni na jezi ya zamani ya Rhinos aliyoiokota kwa dola tano, njano na kijani hadharani, yuko upande wa mzee.